Kiduha: kwa nini mkulima aliyejionea matokeo kwenye shamba darasa bado hafanyi kwake?

Dada_Ugani

Habari zenu wadau. Naomba tufikiri pamoja, hasa ninyi mnaolima wenyewe na mnaofanya kazi na wakulima kila siku.

Mimi ni afisa ugani. Wakulima wangu wanalima mahindi na mtama kwenye udongo uliochoka, na adui mkubwa ni kiduha, ambacho wengine mnakiita gugu chawi. Aliyekutana nacho anajua: mahindi yanaanza vizuri, yakikaribia magoti yanadumaa na kupauka kana kwamba yana kiu, na huku mvua inanyesha. Baadaye unaona vimaua vya waridi shinani. Wakati huo hasara imeshaingia, maana kiduha hujishikiza kwenye mizizi ya zao na kunyonya kwa wiki kadhaa kabla hakijatokeza juu.

Tumeendesha shamba darasa la vuta-sukuma, yaani kupanda zao pamoja na mimea inayosaidia kulilinda. Mahindi, desmodiamu (mmea unaotambaa, jamii ya kunde) katikati ya mistari, matete pembezoni. Wakulima walihesabu wenyewe kiduha kwenye kipande chenye desmodiamu na kile kisicho nayo. Walivuna wenyewe, wakapima wenyewe. Hakuna aliyebisha. Msimu uliofuata nikazunguka kwenye mashamba yao, na waliopanda walikuwa wachache sana. Wengi wa hao wachache walipanda mstari mmoja au miwili pembeni.

Fomu ya ripoti ina sehemu ya "sababu za wakulima kutopokea teknolojia", na kila mwaka inajazwa maneno yale yale: elimu duni, mwamko mdogo, mila. Siyaamini. Mtu anayejua ni mbegu ipi inavumilia jua na ipi inaoza ikichelewa kuvunwa, anayeweza kushika udongo mkononi akakwambia utabeba nini, huyo hajashindwa kuelewa desmodiamu. Ameelewa, halafu akaona jambo ambalo mimi sijaliandika.

Siku hizi nimebadilisha swali. Simuulizi mtu kwa nini hajapanda. Namuuliza, "Ukipanda, nini kitabadilika hapa nyumbani?" Ndipo mambo yanapotoka. Mmoja aliniuliza maharage yake atayaweka wapi, kwa kuwa katikati ya mistari ndipo yalipokuwa na desmodiamu inataka nafasi hiyo hiyo. Mwingine alinionyesha njia ya mifugo: baada ya mavuno kila shamba ni malisho ya wote, na desmodiamu ndiyo huliwa kwanza. Mama mmoja alimtazama mume wake, kisha akaanza kunieleza habari za kuku.

Basi nawauliza ninyi. Ni nini kilikufanya uanze mbinu mpya ya kilimo au ya kudhibiti magugu, na ni nini kilikufanya uache? Kati ya mbegu, nguvu kazi, ardhi, fedha na elimu, kipi kilikuwa kizito kwako? Nataka kupanga msimu ujao kwa kufuata sababu za kweli.

---

Mama_wa_Mtama

Pole na kazi dada. Mimi desmodiamu ninayo na sitaitoa, kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyeishi nayo.

Kwangu uzito mkubwa ulikuwa mikono. Msimu wa kwanza desmodiamu ni mzigo, na kwenye mafunzo jambo hili husemwa harakaharaka. Mbegu zake ni ndogo mno. Zinaota polepole, na zikiota zinafanana na magugu yenyewe. Ukimleta kibarua asiyeijua ataifyeka yote kwa jembe na kukudai ujira wake. Kwa hiyo lazima mwenye shamba apalilie mwenyewe, kwa mkono, ameinama, kwenye wiki zile zile ambazo mahindi yanataka palizi ya kwanza na kunde hazijapandwa. Na anayepalilia ni nani? Kwa nyumba nyingi ni mama na mabinti zake.

Msimu wa pili mambo yanageuka. Inatambaa, inafunika ardhi, magugu mengine yanakosa jua, palizi inapungua sana. Inatia naitrojeni kwenye udongo kwa sababu ni jamii ya kunde. Kiduha kinapungua mwaka hadi mwaka. Lakini hesabu nani anatoa nini na nani anapata nini. Jasho la mwanzo ni la mama. Faida inakuja baadaye, na inakuja kwenye mahindi, na mahindi yakiingia kwenye gunia msemaji anakuwa mwingine. Yule mama aliyekwambia habari za kuku nadhani namwelewa vizuri.

Kwangu kilichofungua mlango ni ng'ombe wa maziwa. Desmodiamu na matete ni malisho mazuri, na maziwa nyumbani kwetu yako mikononi mwangu. Nilipoanza kukata desmodiamu na kuona maziwa yanaongezeka, ile kazi ikawa na mshahara unaonifikia mimi, tena mapema kuliko mavuno ya mahindi. Kiduha kupungua kilikuja kama faida ya pili. Nakushauri ukifika kwenye kaya yenye ng'ombe au mbuzi anza na habari ya malisho, na kaya isiyo na mfugo iambie ukweli kwamba itasubiri zaidi. Pia usiite mafunzoni mtu mmoja kwa kila nyumba. Anayepalilia aje, na anayeamua shamba lipandwe nini naye aje, wasikie maneno yale yale siku moja.

Kuhusu maharage: mimi nayapanda kwenye shimo moja na mahindi, mstari ule ule, na katikati nawaachia desmodiamu. Yanazaa. Mwonyesheni huyo mkulima kwa macho, maana kwa mama wengi shamba lisilo na maharage si shamba.

---

Mkodishwaji

Dada Ugani, kwenye orodha yako ardhi umeitaja ya tatu. Kwangu ni ya kwanza na hakuna ya pili.

Shamba ninalolima si langu. Tunakubaliana kwa mdomo, msimu kwa msimu. Desmodiamu ni mmea wa miaka. Ninaipanda leo, napalilia kwa shida zote alizoeleza Mama wa Mtama, halafu shamba likianza kupendeza mwenyewe analikumbuka. Nimeshuhudia jirani yangu akipeleka samadi, akatengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mara baada ya mavuno mazuri akaambiwa mtoto wa mwenye shamba sasa anataka kulima. Nani atajenga nyumba kwenye kiwanja cha mwingine?

Hata kung'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu ni jambo hilo hilo. Mche mmoja unatoa mbegu makumi ya maelfu, nyepesi kama vumbi, na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa mahindi au mtama. Nikiking'oa leo, mahindi yangu ya msimu huu hayaponi, yameshanyonywa. Anayefaidika ni atakayelima hapo baadaye.

Kwa hiyo mimi nafanya yale yanayolipa ndani ya msimu mmoja. Napalilia mapema. Napanda kunde au soya kwa zamu, kwa sababu mizizi yake inaamsha mbegu za kiduha lakini kiduha hakiwezi kuishi juu yake, kinakufa. Unavuna kunde na hapo hapo umepunguza akiba ya mbegu za gugu udongoni. Hiyo mwenye shamba hawezi kuninyang'anya. Ukiniandika kwenye fomu kuwa "sijapokea teknolojia" utakuwa umenionea, maana nimepokea sehemu ninayoweza kuibeba nikihama.

Ukitaka kusaidia watu wa aina yangu, tusimamie kwenye mapatano ya maandishi ya miaka kadhaa, mbele ya kikundi na uongozi wa kijiji. Nikihakikishiwa hiyo miaka, mbegu nitaitafuta mwenyewe.

---

Msomaji_wa_Tafiti

Naongeza machache kutoka kwenye tafiti, kwa sababu haya mnayosema yana ushahidi na ni vizuri Dada Ugani awe nao mkononi akiulizwa na wakubwa wake.

Mkodishwaji, hoja yako ilipimwa Ghana, eneo la Akwapim. Goldstein na Udry, katika utafiti uliochapishwa 2008, walikuta kwamba watu wasio na nguvu za kisiasa kijijini, wenye hofu ya kupoteza ardhi wakiipumzisha, waliipumzisha kwa muda mfupi na wakavuna kidogo. Waliogopa kuondoka shambani wasije wakakuta mwingine.

Kuhusu kuanza na mstari mmoja au miwili, usikate tamaa. Mwaka 1943 Ryan na Gross walichapisha utafiti juu ya mahindi chotara huko Iowa, Marekani. Mbegu ile ilikuwa na faida iliyo wazi, na bado ilichukua zaidi ya miaka 10 kuenea kwa wakulima karibu wote. Wengi walianza na kipande kidogo. Wengi walisikia habari kwa mara ya kwanza kutoka kwa wauzaji wa mbegu, lakini waliowashawishi hasa ni majirani. Yale mistari ya pembeni ni majaribio yao. Mkulima anafanya utafiti wake kwenye udongo wake, na ukirudi baada ya msimu mmoja kumhukumu umemkatiza katikati.

Kuhusu fedha, kuna suala la wakati. Magharibi mwa Kenya, Duflo, Kremer na Robinson (2011) waliwapa wakulima nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno, pesa ikiwa bado mfukoni, na kufikishiwa bila gharama ya usafiri. Matumizi yalipanda kiasi kinacholingana na punguzo kubwa zaidi la bei lililotolewa baadaye msimuni. Sisi hupeleka mbegu na mikopo mvua zikikaribia, wakati nyumba haina kitu.

Imani nayo. Utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu soko la pembejeo Uganda ulikuta kwamba kwenye mbegu zilizouzwa kama mahindi chotara, kwa wastani chini ya nusu ndiyo iliyokuwa mbegu halisi. Tanzania, utafiti wa 2021 ulikuta mbolea nyingi madukani ina ubora uliotakiwa, lakini wakulima waliamini imechakachuliwa, kwa sehemu kwa sababu ya mwonekano wake, mabonge na kubadilika rangi. Kwa vyovyote vile, mtu asiyeamini gunia halinunui, na kumwongezea somo la darasani hakumrudishii imani.

Lakini jambo ninalotaka mlitafakari zaidi ni hili. Kiduha kiliwahi kuingia Marekani. Kiligunduliwa kwenye majimbo ya Carolina Kaskazini na Kusini mwaka 1956. Hawakusubiri kuona mkulima yupi ana mwamko. Serikali ilitangaza karantini, ikakagua mashamba, ikazuia mashine na mazao kutoka maeneo yaliyoathirika bila kusafishwa, na ikagharimia kuingiza gesi ya ethilini ndani ya udongo ili mbegu za kiduha ziote bila mmea wa kunyonya na kufa. Kazi iliendelea zaidi ya nusu karne, na eneo lililoathirika likapungua hadi sehemu ndogo sana. Mkulima tajiri wa nchi tajiri hakuachiwa apambane na gugu hili peke yake. Sisi tunamkabidhi mama mwenye jembe la mkono, kisha tunaandika kwamba ana mwamko mdogo. Jambo hili linaniuma kila ninapolisoma.

Mbegu za kiduha zinasafiri kwenye kwato, kwenye majembe, kwenye mbegu za mahindi zilizopeanwa kwa wema. Mmoja akisafisha shamba na majirani wanne wasifanye, atachafuliwa tena. Ndiyo maana uamuzi wa kufanya au kutofanya si wa mtu mmoja, na mwenye akili anaweza kukataa kwa sababu nzuri kabisa.

---

Mzee_Jembe_Kongwe

Binti yangu, nimesoma majibu ya wenzangu na ninawaheshimu. Ila nitatofautiana nao kidogo. Elimu msiitupe nje.

Nimelima tangu sijaota ndevu, na kwa muda mrefu kijijini kwetu tuliona kiduha ni ishara ya ardhi kuchoka, hatukuona kuwa ndicho kinachoichosha mimea. Kwa nini? Kwa sababu kinatokea mwishoni. Mtu anapalilia vizuri, mahindi yanadumaa hata hivyo, kisha kiduha kinajitokeza. Anaking'oa, mahindi hayabadiliki. Akili yake inamwambia, na inamwambia kwa haki, kwamba kung'oa hakusaidii. Ukimletea dawa nyingine atakusikiliza kwa adabu tu.

Siku moja nilichimba mche mzima wa mahindi na udongo wake, polepole, nikauosha mizizi kwenye ndoo mbele ya vijana. Kulikuwa na vichipukizi vyeupe vya kiduha vimeng'ang'ania mizizi, na juu ya ardhi hapakuwa na kitu. Walikaa kimya wakaanza kuuliza maswali wasiyowahi kuuliza. Baada ya hapo ndipo ikawa rahisi kueleza kwamba mizizi ya desmodiamu inaamsha mbegu za kiduha na pia inazizuia zisijishikize. Shamba darasa lako, binti, liliwaonyesha mavuno. Waonyeshe na chini ya ardhi, wiki chache baada ya kupanda, kabla kiduha hakijatokeza.

Jambo la pili ni dawa za magugu. Vijana wanazipenda kwa sababu zinaokoa mgongo, na siwalaumu. Lakini wananyunyiza glaifoseti wakati wa kuandaa shamba wakidhani wamemaliza kiduha, ilhali kiduha wakati huo ni mbegu iliyolala na dawa ile haiigusi. Wengine wanapima kwa kifuniko cha chupa kwa kukisia, au wanatumia bomba lililokuwa na dawa ya magugu kunyunyizia dawa ya wadudu bila kuliosha, mahindi yanaungua. Msimu unaofuata mtu huyo hataki kusikia kitu chochote kinachoitwa cha kisasa, hata kiwe mche wa mti. Hasara ya jambo moja inafunga milango ya mambo kumi.

Kuna pia mahindi ambayo mbegu yake imepakwa dawa ya imazapiri ili kuua kiduha kikijaribu kujishikiza. Yanasaidia kweli. Lakini ukishika mbegu hiyo kisha ukashika maharage bila kunawa, maharage hayaoti. Kitu kidogo hivyo kikikosa kuelezwa, mama anapoteza maharage yake na teknolojia yote inapata jina baya. Kwa upande wa mtama, Profesa Gebisa Ejeta wa Ethiopia alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009 kwa kazi yake ya mtama unaostahimili ukame na kiduha. Mbegu kama hiyo ukinipa mimi, huna haja ya kuniuliza kama nitaipokea: naipanda jinsi nilivyozoea kupanda, sibadilishi mistari, siongezi palizi. Isiyodai mengi kwa mkulima inaenea upesi.

---

Mkodishwaji

Mzee, hapo kwenye mbegu umesema kweli. Mtama wa kustahimili naweza kupanda hata kwenye shamba la kukodi. Shida ni kuupata. Duka la pembejeo linaleta kinachouzika, na mtama huo hauuziki kwa sababu hatujawahi kuuona.

---

Dada_Ugani

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote. Nimeyaandika yote haya pembeni, na tayari nimebadili baadhi ya mipango ya msimu ujao.

Kwanza, sitawapa watu wote ujumbe mmoja. Wenye mifugo na ardhi yao wenyewe nitaanza nao kwa desmodiamu kama malisho. Wanaokodi nitawapelekea kunde na soya za zamu na palizi ya mapema, na nitaandika kwenye ripoti kwamba wamepokea, kwa sababu ndivyo ilivyo. Suala la mapatano ya ardhi liko juu ya cheo changu, lakini mwenyekiti wa kijiji ni mtu wa kusikiliza na nitamfuata pamoja na viongozi wa kikundi. Huko huko nitaomba lijadiliwe suala la mifugo kuachiwa mashambani baada ya mavuno, walau kwa eneo la mashamba yaliyopakana, ili wenye nia wawe pamoja sehemu moja. Hoja ya Msomaji kuhusu majirani wanne imenishika hapo.

Zoezi la ndoo nitalifanya mapema msimuni, mume na mke wakiwepo. Na pesa ya mbegu tutaanza kuikusanya kwenye kikundi wakati wa kuuza mavuno, kila mtu kidogo kidogo.

Lakini hata tukikusanya, mbegu ya desmodiamu ni ghali na haipatikani karibu. Mama wa Mtama, wewe uliipata wapi ya kwanza? Na nimesikia inaweza kupandwa kwa vikonyo, bila mbegu. Ni kweli inashika?

---

Mama_wa_Mtama

Inashika dada, na mimi ndivyo nilivyoieneza shamba zima. Mbegu niliyopata mwanzo ilikuwa kidogo sana, ya kugawana, nikaioteshea kipande karibu na nyumba ambako naweza kuitazama na mbuzi hawafiki. Ilipotambaa vizuri nikaanza kukata.

Chagua vikonyo vilivyokomaa kiasi, siyo vya ncha laini. Vile vilivyogusa ardhi na kuanza kutoa vijizizi kwenye vifundo ndivyo bora. Kata kipande chenye vifundo viwili au vitatu, fukia vifundo, acha ncha nje. Fanya hivyo mvua ikiwa imeshakolea na udongo una unyevu, wala usikate asubuhi ukapanda jioni, vinanyauka. Fungia kwenye gunia bichi na upande mara moja. Faida nyingine ni kwamba kikonyo kinajulikana tangu siku ya kwanza, kibarua hawezi kukichanganya na gugu.

Waambie kila atakayepewa vikonyo msimu huu atoe kwa wawili msimu unaofuata. Na kwa kuwa kwenu jua ni kali, tafuteni ile ya majani ya kijani kibichi, inavumilia ukame kuliko ile yenye mstari wa kijivu katikati ya jani. Wakianza sasa kuandaa kipande cha kuoteshea, mvua zijazo watakuwa na vya kukata.